Galvani alishindwa, jina likabaki

Karatasi ya daktari ilikuwa na mstari mmoja tu unaosomeka: galvanisation, bega la kulia, vikao kumi. Baba mkubwa aliisogeza mbali na macho, akaivuta karibu, kisha akanirudishia.

"Galvanisation? Banataka kunipaka zinki sawa tole?"

Nilicheka, lakini swali lake lilikuwa na haki ya kujibiwa. Hapa Likasi neno hilo tulilizoea zamani, ila si kwenye bega la mtu. Tulilizoea dukani, kwenye tole, yaani yale mabati ya kuezekea yanayong'aa mwaka wa kwanza na kufifia wa tatu. Tulilizoea pia redioni, kwa Kifaransa cha watangazaji: mheshimiwa fulani kawagalvanisha wafuasi wake uwanjani, kocha fulani kaigalvanisha timu wakati wa mapumziko. Sasa likaja hospitalini, na mzee aliyemaliza ujana wake kwenye viwanda vya Shituru akaona anatumiwa maneno ya kiwandani kwenye mwili wake. Zinki, hotuba na bega: mambo matatu yasiyofahamiana, yamevaa shati moja. Nikataka kujua shati hilo ni la nani.

Ni la Luigi Galvani, daktari na mwalimu wa anatomia wa mji wa Bologna, Italia, aliyezaliwa mwaka 1737. Chombo chake cha kazi kilikuwa chura. Alimchuna, akamkata, akabakiza miguu miwili ya nyuma na mishipa ya fahamu inayoshuka kutoka uti wa mgongo. Siku moja mwanzoni mwa miaka ya 1780, kisu kilipogusa mshipa huku mashine ya cheche ikifanya kazi pembeni, miguu ya chura aliyekufa ikaruka. Galvani akaendelea na jambo hilo kwa miaka, akisaidiwa na mkewe Lucia Galeazzi, mwanamke aliyelelewa katika nyumba ya mwanasayansi na ambaye hakuishi kuona kitabu kikitoka. Kitabu kilichapwa 1791.

Jaribio lililoleta ugomvi ni lile la kulabu. Galvani aliwatundika vyura kwa kulabu za shaba kwenye uzio wa chuma, akitaka kuona kama radi ya mbinguni itawachezesha. Ikawachezesha. Lakini hata siku mbingu ilipokuwa shwari, kulabu ya shaba ilipobanwa kwenye chuma, miguu iliruka vilevile. Hakuna mashine, hakuna wingu. Umeme umetoka wapi? Galvani akajibu: umo ndani ya mnyama. Msuli ni kama chupa iliyojazwa umeme, na vyuma vinaufungulia tu njia.

Alessandro Volta wa chuo kikuu cha Pavia kwanza alikubali, kisha akabadili mawazo. Alisema chura hana umeme wowote wa kutoa. Chura ni kipimo tu. Umeme unatoka pale vyuma viwili tofauti vinapokutana kwenye unyevu. Wasomi wa Ulaya wakagawanyika mafungu mawili, kila upande ukichuna vyura wake. Galvani naye alijibu kwa jaribio zuri ambalo watu hulisahau: alichezesha msuli kwa kuugusanisha na mshipa wa fahamu tu, bila chuma chochote. Lakini Volta alikuwa na kitu ambacho kingenyamazisha ukumbi wote. Tarehe 20 Machi 1800 aliandika barua kwenda kwa Joseph Banks, rais wa Royal Society ya London, akaeleza chombo chake kipya: visahani vya fedha au shaba, vimepangwa juu ya visahani vya zinki au bati, na kati ya kila jozi kipande cha karatasi ngumu kilicholoweshwa maji ya chumvi. Ukigusa juu na chini, kinakurusha. Na kinaendelea kutoa umeme saa baada ya saa, kitu ambacho mashine za cheche hazikuweza kamwe.

Kwa Kifaransa rundo la vitu vilivyopangwa hivyo huitwa pile. Ndiyo sababu sisi wa Katanga, ambao Kifaransa kimetuingia hadi jikoni, humtuma mtoto dukani kwa kumwambia "nenda ununue pile mbili za tochi". Mtoto wa Mombasa au wa Dar es Salaam anatumwa betri, au mawe ya redio. Wa kwetu anatumwa rundo la Volta, na hajui.

Galvani hakuiona barua hiyo. Alikataa kuapa utii kwa jamhuri mpya iliyosimikwa na majeshi ya Napoleon kaskazini mwa Italia, akaondolewa chuo kikuu, akafa Desemba 1798 akiwa fukara na mjane. Miaka mitatu baadaye Volta alikuwa Paris, akimwonyesha Napoleon rundo lake na kupewa heshima.

Hapa ndipo penye kichekesho chote. Umeme ule unaotiririka upande mmoja bila kukatika, ule uliozaliwa kwenye visahani vya Volta ili kuthibitisha kwamba Galvani amekosea, ndio uliopewa jina la Galvani. Madaktari walianza kuuita umeme wa kigalvani, na kuutia mwilini kukaitwa galvanisation. Volta mshindi akapewa kipimo, voliti, ambayo leo imeandikwa chini ya kila balbu. Mshindwa akapewa tiba. Ukiniuliza mimi, mgawo ulikuwa wa haki kuliko walivyokusudia, maana katika miaka ya 1840 Emil du Bois-Reymond wa Berlin, akifuata njia aliyoifungua Mwitaliano Carlo Matteucci, alionyesha kwa vipimo kwamba mishipa na misuli ina umeme wake kweli. Kila karatasi yenye mistari ya moyo inayotoka kwenye mashine ya hospitali ni rufaa ya Galvani iliyokubaliwa akiwa kaburini.

Wenye kusahaulika kabisa katika kesi hiyo ni vyuma. Hakuna aliyeiita tiba hiyo kwa jina la shaba, wala la zinki, ingawa bila viwili hivyo au ndugu zao pasingekuwa na ugomvi wa kuamuliwa. Na ni Mkatanga gani asiyeliona hilo haraka? Jimbo letu lenyewe liliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997. Kiswahili, kwa ukarimu wake, kinaita shaba kila kitu chekundu au cha manjano cha ukoo huo, kwa hiyo kulabu za Galvani ni shaba, visahani vya Volta ni shaba, na yale mabamba yanayopita kwenye malori kila asubuhi kuelekea Kasumbalesa ni shaba. Zinki nayo iko jirani, Kipushi, mgodi ulionyamaza miaka mingi na kuanza tena kutoa zinki mwaka 2024.

Sasa tole. Mwaka 1837 mhandisi Mfaransa, Stanislas Sorel, alipata hataza ya kuzamisha chuma kwenye zinki iliyoyeyuka ili kisishikwe na kutu. Hakuna umeme unaopitishwa hapo. Ni karai la zinki ya moto wa nyuzi kama 450 na chuma kinachochovywa. Lakini mvua ikipiga bati lililokwaruzwa, chuma na zinki zilizolowa zinakuwa vyuma viwili kwenye unyevu, pile ndogo ya Volta juu ya nyumba yako, na zinki inakubali kuliwa ili chuma kisiliwe. Kwa sababu hiyo Sorel aliazima jina la Galvani. Kiswahili nacho hakikubaki nyuma kwa kuchanganya majina: tunayaita mabati, wakati bati ni chuma kingine kabisa, na kwenye mabati yetu hakuna bati.

Nilimweleza baba mkubwa haya yote tukiwa kwenye benchi la kusubiri. Alisikiliza hadi mwisho, akasema hivyo basi swali lake lilikuwa sahihi.

Niongeze jambo moja nje ya njia, kwa sababu msomaji wa pwani huenda atashangaa kusikia kwamba umeme sisi tunauita kuran. Ni Kifaransa, courant, mkondo. Kule kwenu neno hilo likitamkwa vibaya litawapeleka msikitini. Mnasema umeme, ambao kwanza ulikuwa ule unaopasua mawingu, kisha ukaingizwa kwenye nyaya. Wakenya wanasema stima, kwa sababu mvuke ulitangulia kuendesha mitambo na jina likarithiwa. Kila mji umeita kitu hiki kwa jina la jirani yake wa zamani. Waarabu walifanya hivyo mapema zaidi: yule kambare wa Mto Nile anayerusha mkono wa mvuvi walimwita kwa jina la radi, kutoka mzizi uleule uliotupa sisi neno radi. Ndugu zake wamo kwenye mito ya Kongo, na Ziwa Tanganyika lina aina yake peke yake. Na tiba ya umeme ilianzia kwa samaki kama huyo: Scribonius Largus, daktari wa Kirumi wa karne ya kwanza, aliandika kwamba mwenye maumivu ya kichwa au jongo agusishwe taa wa baharini mwenye umeme mpaka mahali panapouma pafe ganzi. Hakukuwa na vikao kumi. Kulikuwa na samaki.

Turudi kwa madaktari. Baada ya Volta, kazi ya kwanza ya umeme wake kwenye mwili wa mtu ilikuwa maonyesho zaidi ya tiba. Giovanni Aldini, mpwa wa Galvani, Januari 1803 alichukua maiti ya mtu aliyenyongwa kwenye gereza la Newgate, London, akamgusa na nyaya mbele ya watu. Taya likatetemeka, jicho moja likafumbuka, ngumi ikainuka. Jina la mjomba likaenea kwa hofu hiyo. Nadhani maana ile ya redioni, ya kumwamsha mtu aliyelala, ilitokana na maiti za Aldini kuliko vyura wa Bologna. Wanasiasa wetu hawangependa kujua hilo.

Tiba yenyewe ilipata utaratibu pale umeme wa aina ya pili ulipozaliwa. Mwaka 1831 Michael Faraday aligundua kwamba sumaku inayosogea karibu na waya inazalisha mkondo, na mafundi wakatengeneza visanduku vinavyotoa umeme wa kukatika na kurudi haraka. Guillaume Duchenne, Mfaransa wa Boulogne, alichukua visanduku hivyo akachezesha msuli mmoja mmoja wa binadamu kupitia ngozi, bila kukata, na mwaka 1855 akatoa kitabu kizito. Umeme huo yeye aliuita wa kifaradi. Robert Remak wa Berlin akatetea upande wa pili, umeme wa kigalvani usiokatika, kwa kitabu chake cha mwaka 1858. Majina mawili, Galvani na Faraday, yakawa kama chumvi na sukari kwenye meza ya daktari wa mishipa.

Na yalikuwa na kazi. Msuli wenye mshipa wake wa fahamu mzima huitika umeme wa kifaradi mara moja. Mshipa ukikatika au ukioza, kama kwa mtu aliyepooza upande mmoja wa uso, baada ya wiki mbili hivi msuli hauitiki tena zile cheche fupi. Unaitika ule wa kigalvani tu, polepole, kama minyoo inayojikunja. Kwa hiyo daktari wa karne ya 19, asiye na mashine ya picha wala maabara, aliweza kumwambia mgonjwa kwa visanduku viwili tu kama mshipa wake umechoka au umekufa. Neno halikuwa dawa tu, lilikuwa kipimo pia.

Tulipoitwa ndani, kine, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, binti wa rika la wajukuu wa baba mkubwa, alilowesha sponji mbili nene, akaziweka moja mbele ya bega na moja nyuma, akazifunga kwa mkanda wa mpira. Waya mwekundu huku, mweusi kule.

"Papa, utasikia sawa siafu iko natembea. Kama inaunguza, unaniambia palepale."

"Ile nyeusi njo cathode?"

Binti akainua uso. Nadhani hakuna mgonjwa aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Njo yenyewe, Papa."

"Basi leo miye njo wananitia mu kuve."

Kuve ni birika la kiwandani la kutolea shaba. Shituru ilianza kazi mwaka 1929, na mwaka uliofuata bwawa la Mwadingusha kwenye Mto Lufira likaanza kuileta ile kuran nyingi inayohitajika. Madini yaliyosagwa huloweshwa kwenye asidi ya salfa mpaka shaba inayeyuka na maji yanakuwa ya buluu. Maji hayo hupita kwenye mabirika marefu, ndani yake kumening'inizwa mabamba yakipishana: anodi ya risasi, kathodi, anodi, kathodi. Kuran ikipita upande mmoja bila kukatika, shaba inatoka majini na kujibandika kwenye kathodi chembe kwa chembe, siku kadhaa, hadi bamba linakuwa zito la kubebwa kwa winchi. Kwenye anodi hewa ya oksijeni hutoka kwa mapovu na asidi huzaliwa upya. Mapovu hayo hurusha ukungu unaokwaruza koo, ndiyo sababu wazee wa mabirika wanajulikana kwa kikohozi chao. Mji huu, uitwe Jadotville kama ulivyoitwa hadi 1966 au Likasi, umeishi kwa kathodi.

Sasa angalia bega. Mwili ni maji ya chumvi ndani ya mfuko. Umeme wa kigalvani ukipita, chini ya sponji ya waya mwekundu, anodi, asidi huzaliwa. Chini ya mweusi, kathodi, huzaliwa kitu kikali kama magadi, na ngozi huungua upande huo vibaya zaidi. Ndiyo maana sponji ni nene na zimelowa, ili ukali ubaki ndani yake. Ndiyo maana kine anauliza kama una chuma mfupani, kidonda, mimba au kifaa cha moyo. Na ndiyo maana anahesabu: kipimo cha kawaida cha tahadhari ni sehemu moja ya kumi ya miliampea kwa kila sentimita mraba ya sponji. Kwenye mabirika ya shaba huendeshwa ampea 200 hadi 300 kwa mita mraba. Ukigawanya, birika linapata mara mia mbili au tatu ya kile kinachopata bega. Kanuni ni ile ile. Kilichobadilika ni kiasi.

Mfaransa mmoja wa Nantes, Stéphane Leduc, alionyesha mwanzoni mwa karne ya 20 jinsi upande unavyotawala kila kitu. Aliwaunganisha sungura wawili kwenye mkondo mmoja, mmoja akiwekewa sponji yenye strikinini, mwingine yenye sayanidi. Akapitisha umeme: wote wawili wakafa, kila mmoja kwa dalili za sumu yake. Akachukua sungura wengine, sumu zilezile, akageuza tu waya mwekundu ukae pa mweusi. Hawakufa, kwa sababu umeme sasa uliivuta sumu irudi kwenye sponji badala ya kuisukuma ndani. Badala ya sumu weka dawa, na hiyo ndiyo tiba ambayo makine wanaiita ionisation. Sioni sababu ya kuwahurumia wanasayansi kuliko sungura, lakini jaribio linaeleweka hata na aliyeishia darasa la sita: waya una mwelekeo, na mwelekeo ndio dawa.

Je, inaponya? Baba mkubwa aliuliza hilo kabla yangu, na binti akajibu kwa uaminifu niliompendea: inapunguza maumivu kwa baadhi ya watu, na mazoezi ya mkono ndiyo yatakayofanya kazi kubwa. Umeme wa kigalvani umepungua sana kwenye vyumba vya kine duniani. Mashine mpya zinatoa midundo mifupi ya kutuliza maumivu, isiyochoma ngozi, na jina la Galvani halimo kwenye vibonye vyake. Mahali ambapo ule wa zamani bado unatetewa bila aibu ni kwa watu wanaotokwa na jasho viganjani kupita kiasi: wanaingiza mikono kwenye mabakuli mawili ya maji ya bomba, umeme unapita, na baada ya vikao kadhaa mikono inakauka kwa wiki nyingi. Yaani mabirika, kwa mara nyingine.

Dakika ya nane ya kikao, taa ya darini ikazimika, na feni nayo. Mtaa mzima ukapiga lile guno la delestaji, yaani mgao wa umeme, ambalo kila mkazi wa Likasi analijua. Niliangalia mashine: kitaa chake cha kijani kilikuwa bado kinawaka. Binti hakugeuka hata kutazama dirisha.

"Hii haiko ku kuran, Papa. Iko na pile."

Baba mkubwa alikuwa amefumba macho. "Siafu bado wanatembea," akasema.

Kikao kilipokwisha, binti alifungua mgongo wa mashine, akatoa ile pile ya voliti tisa iliyokuwa inachoka na kutia mpya. Mzee aliomba ile iliyotupwa. Tulipofika nyumbani aliibandua ganda kwa bisibisi, kwenye kibaraza, wajukuu wakimzunguka, na ndani yake mlikuwa na vikopo vidogo sita vimepangwa pamoja. Alipasua kimoja. Akachovya ncha ya bisibisi kwenye ule uji wa kijivu, akaunyanyua kwenye mwanga ili watoto wauone.

"Zinki," akawaambia, na akawatuma wakamletee kipande cha waya wa shaba.